Posa Iliyooshwa Mara Saba

Mkasa huu mke wangu huusimulia vizuri kuliko mimi, tena huusimulia mbele ya wageni, kwa hiyo nimeona bora niutoe mwenyewe kabla haujazidi kutiwa chumvi. Ndiyo, ni mimi yule mshenga wa paka. Hapa Bagamoyo ukiulizia nyumba ya Sefu fundi kanzu watakuuliza Sefu yupi, ukisema wa paka watakufikisha mpaka mlangoni. Zamani nilikuwa nakasirika, siku hizi naitikia tu.

Swalehe ni mtoto wa marehemu kaka yangu, anatengeneza injini za boti kule Mbegani, kijana mtulivu, na alipompenda Rukia binti wa Mzee Kondo akaja kuniomba nimpelekee posa. Sasa huyo Mzee Kondo amesomesha madrasa tangu sijaoa, mtu mzito, hacheki ovyo, na alikuwa amekwisha kurudisha barua mbili za posa kabla yetu: mshenga wa kwanza alichelewa kufika, wa pili alipokea simu katikati ya mazungumzo. Kwake yeye, ukitaka kumjua kijana mtazame aliyemtuma. Swalehe akanishika mkono akaniambia, "Baba mdogo, baba hayupo, nakutegemea wewe tu. Wakikurudisha wewe, mimi nimekwisha." Nikamwambia alale usingizi, kazi hiyo ni yangu (maneno hayo nimekuja kuyajutia).

Ningeenda na barua yangu, nikaisema posa na kurudi nyumbani, wala leo msingekuwa na cha kusikiliza. Lakini nina ugonjwa wa kutaka kuzidisha. Swalehe alinidokeza kwamba mwenye neno la mwisho katika nyumba ile ni Bi Tatu, mama yake Mzee Kondo, na kwamba bibi huyo ana paka mzee anaitwa Sultani, meno yamemwisha, anakula kwa kubembelezwa. Nikasema moyoni, nikimpata paka nimempata bibi, na nikimpata bibi posa imepita.

Basi siku niliyokwenda Dar kununua nyuzi, wakati wa kurudi nikashuka Tegeta kwenye duka la vyakula vya wanyama. Jamani, sikujua dunia imefika huko. Rafu nzima ni vitafunio vya mbwa na paka, na mimi nikavaa miwani nikaanza kusoma pakiti moja baada ya nyingine, hii ina unga wa mahindi na rangi na sukari na majina marefu kama ya dawa, ile vivyo hivyo, mpaka binti wa dukani akanionea huruma.

"Shikamoo baba. Huyo paka ana umri gani?"

"Marahaba mwanangu. Mzee, hana meno."

Akanipa pakiti moja nyepesi. Nyuma yake, mahali pa kuandika vilivyomo, paliandikwa neno moja tu: kuku. Akanieleza kwamba nyama hiyo inagandishwa mpaka iwe barafu tupu, halafu inawekwa ndani ya mtambo unaonyonya hewa, na ile barafu inaondoka kama mvuke bila kupitia kuwa maji, inabaki nyama kavu isiyotiwa chumvi wala dawa. "Ukimwekea paka mzee, iloweke kwenye maji kidogo, inarudi kuwa nyama." Akanifungulia kipande cha kuonyesha nikakishika. Mimi nimeshika vitambaa vya kila aina tangu utotoni lakini sijashika kitu kama kile, nyama yenye umbo lake na nyuzi zake, na mkononi ni kama hamna kitu. Nikanusa, sikusikia harufu. Nikasimama pale kama mshamba nikistaajabu jinsi Mola alivyowafunulia watu siri ya kutoa maji ndani ya barafu.

Nikamuuliza kama huyo kuku alichinjwa kihalali. Akasema, "Baba, si anakula paka?" Nikamwambia anayekula ni paka, lakini anayelisha ni Bi Tatu. Akanionyesha muhuri wa halali pembeni ya pakiti, nikaridhika, nikanunua.

Kosa nililigundua siku yenyewe, baada ya swala ya Alasiri, nimeshavaa kanzu niliyoidarizi mwenyewe na koti juu, wazee wenzangu wanne wananisubiri nje. Pakiti ilikuwa na picha mbili, paka upande mmoja, na upande wa pili mbwa mkubwa, ulimi nje. Nikajiona nikimkabidhi mama yake mwalimu wa madrasa picha ya mbwa. Nikaona haiwezekani kabisa. Nikaichana pakiti, nikamimina vipande mfuko wa kulia wa koti, vilivyobaki nikavitia mfuko wa kushoto, pakiti nikaitupa. Na huo mfuko wa kulia ndio uliokuwa na barua ya posa, imefungwa kwenye leso nyeupe, imefukizwa udi.

Kumbe harufu nisiyoisikia mimi, wenzangu wa miguu minne wanaisikia mtaa wa tatu. Tulikatisha karibu na soko la samaki, paka mmoja akatufuata, nikamwona ana adabu. Tulipopinda kona walikuwa watano. Tulipokaribia kwa Mzee Kondo nikageuka, na wallahi nilisahau hata aibu kwa mshangao, kwa maana paka walikuwa wametanda njia nzima, weusi, weupe, wa madoa, mikia juu, kimya, wanatembea kwa mwendo wetu sisi wazee, na wameacha soko zima lenye samaki wabichi. Mama mmoja anayeuza vitumbua akauliza, "Bwana Sefu, hao ndio wakwe upande wenu?" Watu wakaanza kutoka majumbani.

Mzee Kondo alitupokea barazani, jamvi limetandikwa, akawatazama paka, akanitazama mimi, akatuonyesha pa kukaa. Nikakaa mwisho kabisa wa baraza, upande wangu wa kulia ukining'inia kuelekea njiani. Kahawa ikapita. Salamu zikapita, za nyumba na za watoto na za afya. Kisha akasema, "Haya mshenga, tunakusikiliza."

Nikaingiza mkono mfukoni kutoa barua, mkono ukagusa pua. Pua ya baridi, yenye maji. Nikageuka polepole, na pale chini ya baraza alikuwa amesimama mbwa wa kahawia, wale wanaozurura pwani kunakokaangwa samaki, kichwa chote kimo mfukoni mwangu. Akakitoa bila haraka na leso ya posa mdomoni, akaiweka chini, akailamba pamoja na barua, na vipande vikamwagika juu ya jamvi, paka wote wakapanda barazani. Wazee walinyanyua kanzu mpaka magotini. Mzee Kondo alisimama juu ya kiti chake (sijawahi kuona, na sidhani nitaona tena). Mtaa mzima ulicheka, isipokuwa Swalehe, ambaye alikuwa amejibanza kwenye duka la jirani kusikiliza, nikamwona ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hapo ndipo moyo uliponiuma. Nilitamani ardhi inimeze.

Mbwa alifukuzwa, paka nao wakatimuliwa kwa ufagio. Barua haishikiki, imelambwa na mbwa, na karatasi haioshwi. Nikaona sina pa kukimbilia ila kwenye ukweli, nikaueleza wote, pakiti, picha, mfuko.

Sauti ikatoka mlangoni. "Nyama gani hiyo?"

Alikuwa Bi Tatu, kanga begani, Sultani mikononi. Nikasema, "Shikamoo bibi. Kuku. Kuku peke yake."

"Marahaba. Imebaki?"

Mfuko wa kushoto ulikuwa salama. Akaletewa kisahani na maji, akaweka vipande vitatu, na sote tukainama kutazama. Vikanywa maji. Vikavimba, vikalegea, vikawa nyama ya kuku hasa, laini, mbele ya macho yetu. Mzee Kondo alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, na hata waliokuwa wakicheka njiani walinyamaza. Sultani alinusa, akala vyote bila kubembelezwa, akalamba kisahani. Bi Tatu alimtazama kwa muda, machozi yanamlengalenga, kisha akageuka.

"Leteni ndoo na udongo, huyu mtu aoshwe. Na wewe mshenga, barua imeharibika, mdomo haukuharibika. Posa."

Nikaposa huku nikioshwa, mkono na koti na upande wa kanzu, mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa kilichoguswa na mate ya mbwa. Maneno yangu ya mafumbo niliyoyakariri wiki nzima yalikuwa yamenitoka. Nikasema tu kwamba kijana wetu ni mwaminifu, hana baba, na hajanituma niwadanganye. Kilichoharibika hapa ni changu, chake ni nia njema.

Mzee Kondo alisubiri ndoo ya saba imwagwe. Akasema, "Zimenijia posa nyingi. Hii ndiyo ya kwanza kuletwa ikiwa imetoharishwa." Akashuka kitini, na mimi naapa nilimwona akitabasamu.

Jibu lilikuja baada ya wiki, kwenye leso, na lilikuwa ndiyo. Aliyelileta alikuwa na ujumbe mwingine wa mdomo kutoka kwa Bi Tatu: niende na pakiti nyingine, tena iwe nzima na picha zake zote. "Mwambie Sefu, mbwa wa kwenye picha halambi mtu."

Nikaenda nayo mkononi, mchana kweupe, mbwa ametazama mbele. Nimeapa sitamimina tena kitu mfukoni kwa kuogopa macho ya watu, maana nilikimbia picha ya mbwa, nikampeleka ukweni mbwa mwenyewe.