Kuhesabu Watu wa Naperito

Mwezi wa kumi na mbili, shule zilipofungwa, niliondoka nyumbani Misikhu kwenda kuhesabu watu. Kanisa letu lilikuwa limepata uwezo wa kuchimba kisima kimoja katika nchi kavu ya Turkana, na Naperito, kijiji kidogo karibu na mji wa Lodwar, ndicho kilichotajwa kwanza. Kwa kuwa nafundisha jiografia, kamati ya maji ya kanisa iliniomba nikachore ramani yake na kuleta idadi. Mwenyekiti, mkulima wa mahindi wa Kitale, alinieleza sharti: watu wakiwa chini ya mia moja na hamsini, kisima kitapelekwa kwingine. Akaniambia nihesabu wale nitakaowaona kwa macho yangu, wala nisiandike hadithi.

Kitale asubuhi ilikuwa baridi, na mahindi yalikuwa yameanikwa kila penye nafasi. Nilipata kiti katika lori la maharagwe la Barasa, dereva aliyezoea barabara hiyo. Baada ya Kapenguria tukaanza kuteremka, na kufikia Marich nilikuwa nimeshavua sweta. Milima ilibaki nyuma. Mbele kulikuwa na vumbi, migunga mifupi na lami iliyobomoka, hata Barasa akaona afadhali kupita kando yake. Tulilala Lokichar, na kesho yake mchana tukaingia Lodwar.

Kutoka Lodwar hadi Naperito ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwenyeji wangu, Mama Akiru, alikuja kunichukua. Alikuwa amepalilia mahindi katika mashamba ya Trans-Nzoia kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Njiani aliniuliza kama mvua ya Kitale bado inanyesha hadi watu wanaichukia.

Naperito iko juu ya ukingo wa laga, yaani mto wa mchanga unaopitisha maji siku chache tu kwa mwaka. Upande mmoja kuna mikoma, miti ya jamii ya mitende, na matawi yake ndiyo yaliyofunika nyumba za mviringo. Upande wa pili ni mawe meusi mpaka kwenye kilima kinachoonekana mbali, magharibi. Maji yanatoka katika mashimo yaliyochimbwa ndani ya laga. Nilimkuta mwanamke amesimama ndani ya shimo hadi mabegani, akikusanya maji kwa kopo na kumpa mwenzake juu. Kujaza mtungi mmoja kulichukua muda ambao mimi, nyumbani, ningekuwa nimeosha nguo zote.

Siku ya pili nilipita boma kwa boma. Jioni nilijumlisha mara tatu, nikapata watu sabini na wanane, karibu wote wanawake, wazee na watoto wadogo. Nilimwambia Akiru ukweli, kwamba hawatoshi.

Hakukasirika. Aliendelea kukoroga uji, kisha akasema, "Mwalimu, wewe umehesabu nyumba. Miezi hii ya jua, watu wetu hawakai kwa nyumba. Wako na mbuzi kule kwa kilima."

"Nimeambiwa niandike wale nawaona tu."

"Basi twende uwaone."

Tuliondoka alfajiri. Kufikia saa nne mawe yalikuwa yamenichubua visigino, na aibu ya kusema nimeshindwa ndiyo iliyonisukuma. Akiru alibeba maji yangu pamoja na yake. Saa sita tukafika kambini, chini ya kilima: maboma ya miiba, ngamia, mbuzi wengi, na watu. Niliwaona kwa macho yangu, themanini na wanne; pamoja na wa kijijini, mia moja sitini na wawili.

Mume wa Akiru, Ekidor, ndiye aliyekataa kuandikwa. Akiru alinitafsiria: watu huja kuwahesabu wakati wa chakula cha msaada na wakati wa kura, wakishamaliza wanaenda, na hesabu wanaenda nayo. Nisingeweza kumwahidi maji ambayo sikuwa nayo. Nilitandaza ramani chini, nikaanza kuchora kambi yao mbele yake. Alitazama, akainama, akafuta kwa kidole kijito nilichokiweka vibaya. Kisha akaonyesha mahali katikati ya kambi na kijiji, ambapo mchanga wa laga hukaa na unyevu hata mwaka ukiwa mbaya. Nikaweka alama. Mwishowe akasema niandike jina lake.

Nikarudi Kitale na ramani ndefu yenye vituo viwili, kijiji na kambi. Kamati ilikaa siku hiyohiyo, na mwenyekiti hakuridhika. Alisema kijiji ni mahali watu wanalala, na wale wa kilimani hawakuwa wamelala Naperito.

Nilimwuliza watoto wake wako wapi.

"Wawili Nairobi, mmoja Eldoret."

"Na wewe ukiulizwa una watoto wangapi?"

Alivuta ramani karibu. Hatimaye alisema, "Watatu," na akaomba kalamu ya kutia sahihi.

Shimo la kwanza, lililochimbwa kijijini, lilitoka kavu. Mafundi wa kuchimba walikuwa na siku chache tu, wakaangalia ramani na kuhamia kwenye alama ya Ekidor. Hapo maji yalipatikana. Yana chumvi kidogo, lakini watu wanakunywa na mbuzi wanakunywa, na wanaotoka kijijini hukutana hapo na wanaotoka kambini.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba jangwani watu ni wachache na wametawanyika, nikaona nimemaliza. Safari hii ilinionyesha kwamba Naperito si nukta ukingoni mwa laga. Ni njia nzima, toka mikoma mpaka kilimani, na watu wake wanajua kila hatua yake na nani yuko wapi.

Baada ya Pasaka Akiru alinipigia simu kutoka Lodwar. Alisema ile karatasi yangu imeharibika, kwa maana bibi mmoja ametuacha, na kambini wamezaliwa mapacha. Nilichukua kalamu ili nibadilishe jumla, lakini nikaona si hilo la kwanza. Nilimpa pole, kisha nikamwomba aniambie bibi yule alikuwa akiitwa nani, na mapacha wamepewa majina gani.