Betri ya Kukodi, Hadi Kiambere na Kurudi

Niliondoka nyumbani kwangu Karurumo kwa sababu mjukuu wangu Njeru alitaka neno langu, nami sikuwa tayari kulitoa nikiwa nimekaa kigodani. Pikipiki yake ya petroli ilinunuliwa kwa fahali aliyeachwa na marehemu mume wangu, na katika nyumba yetu kitu kilichotokana na mfugo wa marehemu hakivuki lango mpaka mjane akiachilie kwa kinywa chake. Mnunuzi alikuwa amepatikana. Njeru alitaka kuiuza achukue pikipiki ya umeme, ile ambayo betri yake si ya mwenye pikipiki, bali hukodiwa na kubadilishwa kituoni. Alikuwa ameshaletewa moja aijaribu kwa juma moja.

Nikamwambia, "Nipeleke kwa dada yangu Igoki huko Kiambere, unirudishe siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Tukirudi vyema utapata neno langu. Tusiporudi vyema utalipata pia, lakini halitakupendeza."

Mimi sikusoma. Haya nayasema kwa mdomo na mjukuu wangu Wanja anayaandika, na nimemkataza kuyapamba.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa Runyenjes. Kituo chenyewe ni chumba kidogo kando ya duka la mbegu, na ndani yake mna kabati la chuma lenye matundu, kila tundu na betri yake. Msichana aliyehudumu alikuwa mtu wa Meru. Nilimtambua kwa matamshi kabla hajamaliza salamu. Njeru aliinua kiti, akaitoa betri yake kwa mpini kama mtu anayenyanyua debe la maji, akaisukuma ndani ya tundu tupu. Tundu jingine likafunguka lenyewe. Nilikuwa bado najifunga leso vizuri kiunoni kazi ilipokwisha. Nakiri kwamba nilipendezwa.

"Na hii mliyotupa ni ya nani?" nikamuuliza yule msichana.

"Ya kampuni, Shosho. Jana labda ilikuwa na mtu wa Chuka, leo ni yenu, kesho ni ya mwingine."

"Kwa hiyo hujui ilitumikishwa vipi."

"Najua ililala hapa ikinywa stima," akasema akicheka; stima ndio umeme. "Sasa mnaenda wapi mapema hivi?"

"Kiambere," Njeru akajibu.

Kicheko kikamwisha. "Kiambere? Huko hatuna kabati. Tuko hapa, tuko Embu, tuko kwetu Meru. Ukishapita Siakago ni wewe na Mungu wako."

"Lakini ni mteremko mtupu, dada. Haitakula kitu."

"Na kurudi utateremka tena?"

Vijana waliokuwa foleni wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Njeru, mtafutie Cucu viatu vya kutembea!" Cucu kwetu ni bibi. Njeru alivaa kofia yake, akanipa yangu, tukaondoka.

Kutoka hapo hadi Siakago sikuwa na la kulalamikia isipokuwa kiuno changu. Kahawa ilibaki nyuma yetu, ikaja miembe, kisha vichaka vya miiba na udongo mwekundu. Pikipiki ile haina mngurumo. Nilisikia ndege, nikasikia hata mifupa yangu. Ubaya wake ni kwamba mbuzi wa nchi hii ya Mbeere wamefundishwa na mngurumo kuondoka barabarani, na huu ukimya hawakuujua. Mara tatu Njeru alisimama katikati ya mbuzi akipiga honi. Mchungaji mmoja, mzee wa rika langu, akatufokea, "Mnakuja kimya kama wezi! Kohoeni basi!"

Karibu na saa nne tulipita Kiritiri. Joto la huko halimwonei mtu haya. Mbele ya mkono wa Njeru palikuwa na kioo chenye vijiti vitano vya taa, na alikuwa amenieleza kwamba kila kijiti kinachozimika ni sehemu ya nguvu iliyokwisha. Tulikuwa tumepoteza viwili tu. Alikuwa akiimba.

Saa tano na nusu tukafika Kiambere. Nyumba ya dada yangu iko juu ya bwawa, nawe ukisimama mlangoni unayaona maji ya mto Tana yametulia na nyaya nene za umeme zikipita angani. Igoki alinishika mikono yote miwili, akaniangalia tangu kichwani.

"Umekonda, wewe."

"Wewe umezibika masikio, nimepiga hodi mara nne."

Alitupa uji wa mtama. Yeye miguu imemvimba siku hizi, na alinikalia karibu kama tulipokuwa wasichana. Ningependa kulala pale siku mbili. Njeru naye alikuwa nje na mume wa Igoki, shemeji yangu Nyaga, ambaye humwita Guka, yaani babu, akimwonyesha vijiti vyake vitatu. "Angalia, Guka! Safari yote hii, na zaidi ya nusu bado iko."

Nyaga aliizunguka pikipiki akiwa ameshika fimbo mgongoni. "Na ikiisha?"

"Tunabadilisha."

"Wapi?"

Njeru akaonyesha juu, kule mlimani tulikotoka.

"Haya, mwagie stima hapa kwa jirani," akasema Nyaga. "Ana ya jua."

"Haikubali, Guka. Hii ni ya kukodi. Inakula kwenye kabati la kampuni pekee."

Nyaga alicheka mpaka akakaa chini. "Stima inazaliwa hapa chini, pale bwawani unapoona. Inapita juu ya paa langu, inaenda mpaka Runyenjes, inalala kabatini, halafu wewe unairudisha hapa kuniringia! Kijana, umetembea sana."

Saa saba tukaaga. Igoki alitufungia ndengu, mfuko wa wastani, na sikuweza kukataa kitu kilichotoka mkononi mwa dada.

Sisi watu wa Runyenjes na Karurumo tuna kosa letu ambalo hata wasomi wetu hawajaliacha: tunaipima safari kwa kushuka. Mwanamke anayeteka maji mtoni hawezi kulifanya kosa hilo, kwa sababu anateremka na mtungi mtupu na anapanda na uliojaa. Njeru hajawahi kuteka maji. Kabla ya Kiritiri kijiti cha tatu kilizimika. Kabla ya Siakago alitoa kitambaa mfukoni akakifunga juu ya kile kioo.

"Mbona unakifunika?" nikamuuliza.

"Vumbi, Cucu. Kinaharibika."

Asubuhi vumbi lilikuwa lile lile.

Saa tisa na nusu, tukiwa tumeipita Siakago na kuanza kupanda kwenyewe, pikipiki ilipunguza mwendo, ikatembea kama mgonjwa, ikasimama. Nilishuka. Magoti yalikataa kunyooka kwa muda. Njeru alizunguka akigusa hiki na kile.

"Ni huu mzigo wa ndengu, Cucu. Tungekuwa tumeuacha..."

"Toa kitambaa."

Hakukitoa.

"Njeru, herufi sizijui, lakini taa inayozimika naijua. Tangu Siakago unajua kwamba hatufiki, na umenibeba hadi hapa kwenye jua ukinificha. Angekuwa nyuma yako mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, ungemfunikia naye kioo kwa kitambaa?"

Akakifungua. Hapakuwa na kijiti hata kimoja. Alikaa kando ya barabara akaangalia mikono yake. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa ndengu. Nilichoka kiasi cha kutokuwa na hasira.

Baada ya muda mrefu akaja kijana wa Siakago na pikipiki ya petroli, akielekea Karurumo. Walipanga wanavyopanga watu wa kazi hiyo: mimi nikakaa nyuma ya yule kijana, mfuko mapajani, Njeru akapanda yake, na yule kijana akanyoosha mguu, akaukaza kwenye kikanyagio cha Njeru, akamsukuma hivyo huku akiendesha. Katika kila kituo cha bodaboda tulichopita walitushangilia. "Angalieni! Umeme unasukumwa na petroli!" Njeru aliinamisha kichwa njia nzima. Tulifika lango langu jua likiwa limeshazama.

Usiku huo sikumpa neno. Kiuno kilikuwa kinazungumza peke yake.

Nimejifunza nini? Zamani moto ukizimika jikoni, ulitumwa kuomba kaa kwa jirani, na ulijua mwendo ambao kaa linaweza kuishi ndani ya kigae. Hukuahidi kuwasha moto mlima wa pili. Betri ya kukodi ni nzuri. Ni nyepesi kubadilishwa kuliko kusubiri petroli, na kwa mtu anayebeba kahawa na abiria kati ya Runyenjes na Embu sioni dhambi yake. Lakini inafika pale mwenye kabati alipofika, na mpaka huo umewekwa na kampuni, si na ujasiri wa dereva. Atakayeichukua ajue mpaka wake, na abiria wake waujue kabla hawajapanda.

Asubuhi iliyofuata, tukinywa chai, simu ya Njeru ililia. Alikuwa Igoki. Sauti yake ni kubwa, hata mimi nilimsikia: alitaka Njeru amfuate Alhamisi ampeleke hospitali Embu kwa ajili ya ile miguu. Njeru alinitazama. Mimi nikatazama chai yangu.

"Cucu," akamwambia Igoki polepole kwenye simu, "nikija na hii sitakufikisha. Ningekudanganya. Kuna kijana wa Siakago ana ya petroli, anaendesha vizuri. Nitamwomba akuchukue, halafu mimi nitakupokea Embu."

Igoki alimlaumu kidogo, kisha akakubali. Njeru akaweka simu mezani, akaanza kuondoa vikombe bila kuniuliza chochote.

"Mwite yule mnunuzi," nikamwambia. "Aje aichukue ile ya petroli, ya fahali wa babu yako. Nimeiachilia."

Alisimama na vikombe mkononi. Nikamwambia afunge mlango akitoka, nataka kulala.