Dume wa Kilima cha Mzee Harold

Malalo ya kulungu dume yananuka kama beberu aliyenyeshewa, na harufu hiyo huchanganyika na ya majani ya mwaloni yaliyoanza kuoza. Ukiinama karibu inakuingia puani na kukaa humo hadi mchana. Nimeinusa mara nyingi tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na mpaka leo kitu cha kwanza inachoniletea si utulivu wa msituni wala ubaridi mzuri wa Novemba, bali hasira. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani namkaribisha kwenye hadithi tamu ya baba na binti yake porini. Tulipendana, ndiyo, na bado tunapendana. Lakini baba yangu alinifanyia jambo katika vilima vile, nimejaribu kulisahau nikashindwa, na sasa nimechoka hata kujaribu.

Tulikuwa tunaishi Langley Park, katika jimbo la Maryland, ghorofa ya pili, katika fleti ya vyumba viwili iliyonuka vitunguu vya majirani saa zote. Mama alikuwa nesi na wikendi zake zote zilikuwa mali ya hospitali. Baba alimtunza mzee mmoja wa Kizungu, Mzee Harold, aliyeishi katika nyumba kubwa ya mbao kaskazini mwa kaunti ya Montgomery, kule ambako ardhi inaacha kuwa tambarare na kuanza kupanda na kushuka kwa vilima vyenye msitu mzito. Aliyemlipa baba alikuwa mtoto wa mzee huyo, Todd, ambaye alikuja mara moja kwa mwezi, na kila alipokuja alitaja kwamba huenda ingekuwa nafuu kumpeleka mzee wake kwenye nyumba ya wazee. Akishataja hivyo, baba yangu alipoteza usingizi wiki nzima, maana kazi ile ndiyo iliyotuweka mjini. Jumamosi hapakuwa na mtu wa kukaa nami, kwa hiyo nilitiwa kwenye Corolla na kupelekwa kazini. Todd hakujua. Mzee Harold alijua, na alifurahi kuniona.

Mzee Harold alikuwa mwindaji enzi zake. Aliposikia kwamba baba ni Mkamba wa Kitui, mjukuu wa watu waliowinda kwa mishale ya sumu, alimwonyesha uta wa zamani uliotundikwa gereji akamwambia autumie, msitu ni wake. Baba alikata leseni akaiweka mbele ya kadi zote kwenye pochi. Hakuacha kushangaa kwamba serikali ya ugenini ilimpa kibali cha kufanya jambo lililopigwa marufuku nyumbani tangu ujana wake. Zamu yake ilianza saa nne asubuhi, msaidizi wa usiku akiondoka. Sisi tulifika kabla ya saa moja, kukiwa na ukungu bondeni, tukawa na saa tatu zetu wenyewe kila Jumamosi. Hiyo ilikuwa mwaka 2006, tangu Septemba hadi Novemba, na kabla ya mambo kuharibika sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Kazi yetu ya kwanza haikuwa kuua, bali kujua wanyama wanalala wapi. Kulungu akilala huacha kibonde chenye umbo la yai katika majani makavu, majani yamelazwa na kubanwa, na ukichungulia vizuri utaona pale magoti yalipokandamiza udongo. Vibonde vitatu au vinne pamoja, kimoja kikubwa na vingine vidogo, ni mama na watoto wake. "Hao tuwaache," baba alikuwa akisema, "twende juu." Dume hulala peke yake. Katika nchi ya vilima halali kileleni, ambako angeonekana, wala halali bondeni, ambako asingeona. Hulala chini kidogo ya mgongo wa kilima, upande usiopigwa na upepo, mgongo wake akiuegemeza kwenye gogo. Upepo unapita juu ya kilima na kumletea habari za nyuma, na macho yake yanatazama mteremko wote wa mbele. Jua likipanda, hewa yenye joto inapaa kutoka bondeni na kumletea habari za huko pia. Baba alinieleza haya kwa kunong'ona, akiwa amechuchumaa, na akanikataza kugusa kitu. "Ukishika hapo umemwandikia barua," alisema, "na yeye anajua kusoma kuliko wewe."

Majuma manne ya kwanza hatukuona hata mkia. Tuliona malalo yenye joto bado, kinyesi kibichi kinachong'aa, lakini wenyewe walikuwa wameshaondoka. Baba alilaumu viatu, akalaumu mafuta ya gari, kumbe tatizo lilikuwa mimi, au tuseme mama yangu. Mama hakukubali mtoto wake atoke mlangoni amepauka. Hata akiwa amechoka na zamu, aliamka alfajiri kunipaka losheni ya kakao kuanzia usoni hadi vidole vya miguu, na mimi nikapanda vilima vya Maryland nikinukia keki. Siku baba alipogundua alicheka hadi akakaa chini. Nyumbani hakucheka.

"Asipakwe Jumamosi," alimwambia mama.

"Atoke hapa kama aliyegaagaa kwenye majivu? Watu watasema hana mama."

"Kwani huko msituni kuna nani wa kumwona?"

"Mungu," mama akajibu, akaendelea kunipaka.

Ikabidi tufanye siri. Tukifika kwa Mzee Harold, baba aliniosha mikono, shingo na uso kwa maji ya bomba la gereji, maji ya baridi ya kutoa machozi, na wakati wa kurudi alinipaka tena kutoka kwenye kichupa alichoficha kwenye gari.

Baada ya hapo wanyama walianza kukaa. Mimi nilikuwa na daftari la shule ambamo nilichora kila kitu: migongo ya vilima, kijito, kila malalo tuliyoyapata, mshale mdogo wa kuonyesha upepo ulitoka wapi siku ile. Na mwisho wa Oktoba niliyaona ya dume mkubwa. Niliyaona mimi. Baba alikuwa ameshapita, akitazama miti iliyochubuliwa magome kwa pembe, na mimi nilikuwa nyuma nikifunga kamba za kiatu. Nilipoinua kichwa nikaona kwamba chini ya mwaloni ulioanguka majani hayakuwepo kabisa, ni udongo mtupu, umelaliwa na kulaliwa hadi umekuwa kama sakafu. Urefu wake ulikaribia wangu. Palikuwa na nywele nyeupe za tumboni, na ile harufu. Nilimpigia baba mluzi mdogo. Alirudi, akatazama muda mrefu, akatazama kilima, akalowesha kidole kusikia upepo, kisha akanishika kichwa. "Huyu ni wako, Mwende," alisema. "Mimi nitashika uta tu." Tukahesabu mahali pa kumngojea, chini ya njia yake ya kutokea, na tukakubaliana kusubiri Jumamosi ambayo upepo ungetoka kaskazini-magharibi. Shuleni sikusikia neno la mwalimu wiki mbili.

Jumamosi yenyewe ilifika, upepo ukiwa mahali pake. Tulikuwa jikoni kwa Mzee Harold, baba akikaza nyuzi za uta, daftari likiwa wazi mezani, na Todd akaingia. Hakuwa amesema atakuja. Alivaa nguo za kuwindia, mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Alinitazama mimi kwanza, kisha baba, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama huwa nakuja pale kila wiki. Baba akasema leo tu, sir, mke wangu yuko kazini. Todd akasema hakujua kwamba kazini kunaletwa watoto. Hakusema zaidi ya hapo. Na ninataka hili lieleweke, maana kwa miaka mingi watu wamenieleza kwamba baba alilazimishwa: hakuna aliyemwomba kitu. Baba alilichukua daftari langu pale mezani, akalifunga, akampa Todd kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama anavyopewa mtu mzima kwetu. "Nilikuwa nimekuwekea hii, sir," alisema. "Kuna dume mkubwa. Nimekuchorea." Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kuchukia kitu duniani kama nilivyolichukia tabasamu lile.

Todd aliondoka na daftari na kabla ya saa tatu na nusu alikuwa amerudi na dume. Alifuata mishale yangu midogo ya upepo, akasimama pale nilipoweka alama, basi. Baba alimsaidia kumburuta, akampiga picha Todd na dume wake, kisha akamchuna mnyama. Mimi nilikaa kwenye gari. Todd alitupatia paja moja, na Jumapili yake lilichemshwa kwetu kwa nyanya na pilipili, wakaalikwa watu wa kanisa la Wakenya wenzetu, fleti ikajaa makoti. Nilipewa jagi na beseni niwanawishe wageni. Mzee wa kanisa akamwambia baba kwamba mkono wa Mkamba hausahau uta, na baba, badala ya kusema kweli, akaanza kusimulia. Akaeleza malalo yale, gogo, udongo mtupu, upepo, na jinsi alivyovuta uzi. Alieleza vizuri sana. Nikafungua mdomo. Nilisema, kwa Kiingereza kama kawaida yetu watoto wa kule, kwamba si yeye aliyempiga. Baba hakunitazama. "Mwende," alisema, "maji." Nikammiminia maji mikononi. Ile nyama sikuila, na mama alidhani naumwa.

Siku hizi nawinda peke yangu, ng'ambo ya mto wa mpakani, katika vilima vya Virginia. Nina uta wangu na leseni yangu, na wenye mashamba hunipigia wenyewe kuniuliza madume wao wanalala wapi. Losheni sipaki siku ya kuwinda, ngozi inapauka, na hakuna anayekufa. Langley Park wanachimba njia ya treni na nusu ya watu tuliowajua wamehamia mbali. Mzee Harold aliishi nyumbani kwake miaka minne zaidi, na baba alimtunza hadi siku ya mwisho, na mshahara ule ulinifikisha mimi chuo. Yote hayo nayajua na nayaweka mbele ya hasira yangu, nayo haisogei. Mwezi uliopita nilimpigia baba simu nikamwambia nataka kuandika habari za dume yule. Hakusema hajui ni yupi.

"Todd angenifukuza," alisema. "Nilimwona usoni. Wewe ungefanya nini?"

"Ningeuliza."

"Kumuuliza nani?"

"Mimi. Pale pale jikoni, kwa Kikamba, asingeelewa. Ungeniambia tu, Mwende, tumpe? Ningekubali, baba. Ningesema tumpe."

Nikasikia televisheni yake.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Mtoto anaulizwa?"

Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua kweli. Nikakata simu kabla sijamtukana baba yangu.