Kipimo cha Bwana Mifugo

Bwana mifugo wa Mlandege hakuiamini pua yake wala meno yake. Nyama ikiwa jikoni, alipandisha suruali yake ya bugaluu, akachuchumaa, akaidunga kipimajoto alichorudi nacho kutoka masomoni Ulaya, kisha akatangaza kwa sauti ya ofisini, "Bado kidogo!" Wageni wakameza mate.

Siku ya Pasaka alimchomea baba mkwe wake paja la mbuzi. Alipochomoa kipimo na kukifuta kwa leso, mzee akamuuliza kwa upole, "Mkwe, si ndicho ulichomtia ng'ombe wangu chini ya mkia?"

"Hapana, baba! Kile ni kingine!" Huku masikio yakiwaka moto, akaeleza tofauti zake mpaka nyama ikapoa.

"Nimekuelewa, mwanangu," mzee alisema, akivuta bakuli la maharage. "Ila mimi bado nimo kwenye Kwaresima."