Arobaini Chini ya Bati

Siku ile bado naisikia. Bati la huku kwetu Koboko likipigwa na jua la Januari huanza kulia juu ya kichwa chako, tak, tak, kama mtu anayevunja vijiti, na mimi nilikuwa chini ya bati hilo na mtoto wangu wa kwanza mikononi, na mtoto alikuwa amekataa kunyonya.

Mwanangu, kaa nikusimulie. Najua unajenga. Siku hizi nyote mnajenga, kuanzia Ayivu mpaka huku kwetu Ludara. Nikipita kwa boda naona mabati mapya yanameremeta mpaka macho yanauma, na moyo wangu unafurahi, kwa kweli unafurahi. Kisha nauliza dari iko wapi, mnanijibu, "Mama, dari itakuja baadaye." Hiyo baadaye yenu ndiyo iliyonikalisha hapa leo.

Mume wangu Rajabu alikuwa utingo wa lori la kwenda Arua. Katika ua wa baba yake nyumba zote zilikuwa za udongo na nyasi, naye akawa wa kwanza kuezeka bati. Alijenga kwa matofali ya kuchoma, dirisha moja dogo la mbao upande wa magharibi, na juu bati tupu, ukilala chali unahesabu misumari. Wakati wa mvua ilikuwa nyumba nzuri, ila mvua ikinyesha hatusikizani. Nilimpenda Rajabu na niliipenda nyumba yake. Nilikuwa msichana mdogo, na hakuna mwenzangu aliyekuwa na bati.

Basi nikajifungua katikati ya kiangazi. Sisi ni Wanubi, na kwetu mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Anapikiwa uji, anafukizwa ubani, hatoki ovyo, na wageni ndio wanaomfuata. Mama mkwe wangu alisema arobaini ya mjukuu wake itakaliwa kwenye bati, si kwingine. Alikuwa na furaha isiyo na mfano. Wageni walikuja wengi, wakinisalimu mimi huku macho yao yako juu ya paa.

Siku hiyo ninayokwambia, arobaini yangu ilikuwa haijafika hata nusu. Asubuhi mtoto alinyonya vizuri. Jua lilipopanda akaanza kulia, kisha kilio kikapungua, nami nikamshukuru Mungu kwamba ananyamaza. Kumbe alikuwa anachoka. Nilipomgusa tumbo nikakuta ni wa moto, moto wa kunitisha, na midomo imekauka. Nikampa ziwa, akageuza uso. Nikampa tena, akalishika, akaliachia. Macho yake yalikuwa nusu wazi na hayakuwa yananitazama.

Nikamwita mama mkwe. Akaingia, akamtazama mtoto.

"Hiyo jicho ya watu," akasema. "Jana watu walikuja mingi sana."

Akafunga dirisha ili jicho la husuda lisiingie tena. Akaleta chetezo chenye makaa, akatia ubani mwingi. Makaa, mwanangu, ndani ya chumba kile, saa ya jua la utosi! Moshi ukapanda mpaka kwenye bati, ukakosa pa kwenda, ukarudi kwetu.

"Mama, joto," nikasema. "Mi nataka kutoka inje na mutoto."

"Kutoka? Arobaini bado! Wewe nataka watu aseme nini?"

"Mama, mutoto nakufa."

"Usiseme hiyo maneno ndani ya nyumba!"

Akasimama mlangoni, mikono huku na huku. Hakuwa mtu mbaya, usije ukamfikiria vibaya. Yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto wachanga, na alichojua cha kumlinda mtoto ni hicho alichokuwa anakifanya. Lakini mtoto akawa analegea mikononi mwangu, na mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumjibu mama wa mume wangu hata kwa jicho, nilikuwa nimeshaanza kutafuta mahali pa kumshika ili nimsukume. Badala yake nikapiga kelele. Nikamwita haboba.

Haboba kwetu ni bibi. Huyu alikuwa Haboba Mariamu, mama yake baba mkwe wangu, anayekaa kwenye nyumba ya nyasi pembeni mwa ua ule ule. Alikuwa mtu wa maneno machache na ukali mwingi. Hata mbuzi walimpisha njia. Akaja polepole, mama mkwe akamwachia mlango. Hakuenda kwa mtoto kwanza. Aliweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka. Akatazama juu.

"Nani nawasha moto hapa?"

"Hakuna moto, haboba. Ubani tu," mama mkwe akajibu.

Haboba akachukua birika langu la maji, akayamwaga yote kwenye chetezo. Majivu yakaruka. Mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, "Arobaini, mama."

"Arobaini mi najua wewe bado kuzaliwa," haboba akasema. "Mama yangu alikaa yake ndani ya nyasi. Mi nilikaa yangu ndani ya nyasi. Na wewe, ya Rajabu ulikaa wapi? Si pale kwangu? Wewe nasahau? Hii kitu iko ya kulinda mutoto. Haiko ya kuonyesha bati."

Akafungua gurbaba yake, ile nguo ndefu ambayo wanawake wetu hujifunga juu ya gauni, akanifunika mimi na mtoto mpaka kichwani, na tukavuka ua hivyo, yeye akinishika kiuno. Sikuona jua na jua halikutuona. Nilijua tu tumefika kwa sababu ghafla ngozi yangu ilipata baridi, nikasikia harufu ya nyasi za zamani.

Alimlaza mtoto juu ya mkeka, akamvua nguo, akalowesha kitambaa, akampangusa shingo na makwapa, taratibu, tena na tena. Mama mkwe alikuwa mlangoni anasoma dua, machozi yanamtoka. Nilimpa mtoto ziwa, akakataa. Haboba akampangusa. Nikampa tena, akakataa. Muda ule ulikuwa mrefu sana, mwanangu, na mimi ndani yake niliahidi mambo mengi kwa Mungu ambayo mengine bado nadaiwa. Kisha mdomo ukafunguka, akashika, akavuta, na safari hii hakuachia. Hapo ndipo nilipolia, nikashindwa kunyamaza.

Haboba hakutosheka. Alasiri ilipopoa alitupandisha kwenye baiskeli, jirani akiendesha, nimefunikwa vilevile, tukaenda kituo cha afya, mama mkwe akifuata kwa miguu. Muuguzi akapima damu, hakuona malaria. Akauliza, "Munalala nyumba gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mutoto alikuwa anapikwa." Mama mkwe hakula siku ile.

Kesho yake Rajabu akarudi kutoka Arua. Akakuta nyumba yake tupu, kitanda hakina mtu, na mke yuko kwenye nyasi za bibi. Aliniuliza hali ya mtoto, hilo nampa haki yake, lakini pumzi iliyofuata akasema, "Sasa watu nasema mi sina nyumba?"

Haboba alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Ingia nyumba yako," akamwambia. "Kaa kitandani. Funga dirisha. Arobaini yako naanza saa hii."

Rajabu akacheka. Haboba hakucheka. Mbele ya ndugu zake wote Rajabu akaingia, haboba akavuta kigoda akakaa kivulini kando ya mlango, na adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Tukawa tunasikia bati linalia, tak, tak. Baadaye tukasikia kitanda kinalia, anageuka. Baadaye kimya. Haboba hakugeuza hata shingo. Mlango ulifunguliwa kabla ya adhana ya alasiri. Mume wangu akatoka na shati la kukamua, macho mekundu, akanywa maji ya mtungi bila kupumzika. Alitazama paa lake kwa muda. Halafu akauliza, "Haboba, tunafanya nini?"

Hapo nilimpenda upya. Wanaume wengi wangeanza kwa kutafuta wa kulaumu.

Haboba alijua la kufanya. Rajabu na ndugu zake wakakata matete, wakayafunga chini ya mbao za paa. Mama mkwe, ambaye hakuna aliyemshinda kwa kusuka mikeka, akakusanya wanawake wa mtaa, wakasuka na kushona pamoja mikeka ya chumba kizima, tabaka mbili, ikatandazwa juu ya matete. Kati ya mikeka na bati wakaacha nafasi, na juu ya kuta, pande mbili zinazotazamana, wakatoboa matundu ili joto la bati lipate njia ya kutoka. Matundu yakawekewa wavu wa kuku, maana popo wa kwetu hawabishi hodi. Dirisha la magharibi likajengewa kibaraza cha nyasi, jua la jioni likaishia hapo, na ukuta wa mashariki ukapata dirisha kubwa. Arobaini yangu niliimalizia kwa haboba. Niliporudi kwenye bati, adhuhuri nilikuwa nasikia tak, tak kwa mbali, na chini yake mtoto amelala.

Kwa hiyo mwanangu, nisikilize vizuri. Bati ni zuri, sikuambii urudi kwenye nyasi. Lakini nyumba yenye bati peke yake haijaisha, hata kama umeweka mlango wa chuma na vioo vya rangi. Kabla ya rangi, weka dari. Siku hizi kuna mbao za dari, kuna ile karatasi nene inayong'aa inayotandikwa chini ya bati. Kama umepata, weka, kama hujapata, matete na mikeka bado ipo. Acha joto lipate pa kutokea. Upande wa magharibi weka kivuli, panda mti leo. Usiniambie kuhusu feni; umeme wa hapa unaujua mwenyewe. Na kabla hujamwingiza mkeo na mtoto mchanga, fanya alichofanya Rajabu: ingia peke yako adhuhuri ya kiangazi, funga dirisha, ukae. Ukishindwa kukaa wewe mwenye misuli, usimlaze humo mtu asiyeweza kusema.

Huyo mtoto ni Zaituni, huyu unayemwona anapita hapa na sauti yake kubwa. Ana watoto wake sasa. Akisikia katika ukoo kuna mwanamke amekaribia kujifungua, wengine wanabeba sabuni na sukari. Yeye anabeba mikeka kichwani, anaingia bila hodi, na jambo la kwanza anatazama juu. Akifika kwako, usione haya. Mpe ngazi.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtoto atalala ndani yake saa saba mchana, na mama yake hata asiwaze kwenda kumgusa aone kama bado yuko mzima.