Viti Viwili vya Harusi

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Philémon Murhula anafunga utepe mweupe kwenye pua ya gari lake, Karina, anaufungua, anaufunga tena. Utepe hauna kasoro. Kasoro iko ng'ambo ya barabara, ambako gari jekundu la michezo, la kizamani, lenye paa la turubai, linapigwa picha na wapita njia.

"Viti mbili!" anamfokea mwandishi kabla hata ya salamu. "Parrain na marraine bataikala wapi? Juu ya capot?" Anaonyesha boneti kwa kidole.

Ni swali ambalo maharusi wa Bukavu wamekataa kujiuliza. Desturi inajulikana: bwana na bibi harusi hupanda gari moja na wasimamizi wao, parrain na marraine, honi zikilia hadi kanisani. Karina hii ya mwaka 1993 imewabeba wote, na gauni, na shangazi asiyealikwa, kwa miaka ishirini na minne.

Tangu lile jekundu liingie mjini, kazi za Philémon zimeshuka kutoka harusi nne kwa mwezi hadi moja. Yeye hutoza dola hamsini. Lile ni mia na hamsini, na bwana harusi hujiendeshea mwenyewe.

Mwezi uliopita, barabara ya Nyangezi, gari hilo lilikaa tumbo juu ya jiwe. Philémon, aliyekuwa nyuma na wasimamizi, akatoa kamba kwenye buti akalivuta. Bibi harusi alimalizia safari ndani ya Karina, amekalia mapaja ya marraine.

"Kesho yake banatuma foto ku WhatsApp, ni gari nyekundu tu! Karina yangu hata taa moja haionekane!"

Hayo angeyameza. Asichoweza kukimeza ni kwamba bintiye, Chancelle, anaolewa Jumamosi ijayo, misa ni hukohuko Nyangezi, na amechagua lile jekundu.

"Alikuwa analala mu hii gari tangu iko bébé," anasema akilipiga paa kwa kiganja. "Leo inamupatisha haya?"

Chancelle, mwalimu wa shule ya msingi, anatoka nyumbani na ndoo ya kuoshea vioo. Lalamiko hilo amelisikia hadi limemchosha.

"Papa, hauniulizake sababu. Unapiga tu makelele."

"Basi sababu ni gani?"

"Mu harusi zote unabakiaka inje, unachunga gari, banakuletea sahani ku dirisha. Karina ikinipeleka, utasema shofere ni weye. Siku yangu sitake shofere. Nataka papa, mwenye costume, anishike mukono kuingia kanisa."

Philémon anaurudia utepe wake, anaufungua kwa mara ya pili. Amefurahi, na anaona aibu kufurahi baada ya kelele zote zile.

"Na Karina, nani ataendesha?" anauliza hatimaye.

"Tonton Cyprien."

"Cyprien! Ule mwenye kuua embrayage!"

Hata hivyo, ingawa anaihofia klachi yake, amekubali. Jumamosi ijayo, kwa mara ya kwanza, atapanda kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, kati ya parrain na marraine. Suti ya kijivu iko kwa fundi. Funguo atamkabidhi Cyprien, shemeji yake. Kamba hapana.

"Nitaiweka chini ya kiti, karibu na miguu yangu," anasema. "Ile jiwe ya Nyangezi bado iko palepale."