Jiwe Langu Kwenye Foleni ya Mkate

Uvumilivu wangu uliisha siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya debe la balozi wetu wa nyumba kumi.

Nilikuwa nimemtuma binti yangu Naomi bombani tangu alfajiri, achote ndoo moja kisha aende shule. Yuko darasa la kwanza. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo harudi kwa wakati, na shuleni haonekani. Nikamfunga mdogo wake mgongoni nikamfuata. Nilimkuta amesimama nyuma ya debe. Si nyuma ya mtu. Debe tupu, lenye kutu, mwenyewe hayupo, na hakuna aliyethubutu kuliruka. Mwanangu walimruka wote.

"Shikamoo, baba," nikamwambia mzee msimamizi wa bomba, maana hasira haiondoi adabu. "Huyu mtoto ni wa ngapi?"

"Marahaba, Mama Naomi. Mtoto hana wa ngapi. Anasubiri wakubwa wamalize."

"Na hili debe?"

"Hilo la balozi."

"Balozi mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwake, anakunywa uji."

Vijana wawili wa suruali za bugaluu, vitana vimechomekwa kwenye nywele, wakacheka. "Dada, mwache azoee. Hata sisi tulizoea."

"Mlizoea nini, na ninyi mmefika sasa hivi na ndoo zenu zimeshajaa?"

Nikalinyanyua lile debe, nikaliweka pembeni, nikamshika Naomi bega nikamsimamisha pale pale lilipokuwa. Kelele zilizozuka hapo ungedhani nimechoma ghala la kijiji. Umegusa debe la mtu! Mama Naomi, umegusa debe la mtu! Ndipo nikakumbuka jiwe langu.

Enzi zetu, wenzangu tuliokulia upande wa Kiomboi kabla ya bomba, maji tulichimba korongoni. Mnakumbuka. Unafukua mchanga, unakaa, maji yanajikusanya polepole kama jasho, kikombe kwa kikombe. Foleni ilianza jioni kwa ajili ya kesho yake, na hakuna aliyelala korongoni; kila mtu alipanga jiwe lake. Mawe yalijulikana kama sura za watu. Langu lilikuwa jekundu, na mstari mweupe tumboni. Nilipokuwa mdogo niliungua mguu wa kushoto kwenye mafiga, ukapona umejikunja, kwa hiyo kwenye michezo ya mbio, rede na kombolela, nilikuwa mtazamaji tu. Mchezo niliouweza ni mdako, kwa kuwa unachezwa umekaa. Kugombania maji nisingeweza. Jiwe liligombania kwa niaba yangu. Bibi yangu alikuwa akisema, "Jiwe la mtu ni mtu." Ukisogeza jiwe la mtoto, mama yake hakuhitaji hata kuja, wazee waliokuwepo walikuchapa wenyewe, ukarudi nyumbani ukachapwa tena, kisha ukala ugali wa mtama na mlenda ukiwa umesimama.

Mwaka wa pili wa Uhuru, nikiwa na miaka tisa, Sista mmoja wa misheni, muuguzi, alinichukua likizoni kwao Kopenhageni, mji mkuu wa Denmark, mguu ukanyooshwe. Bibi alinifungia asali kwenye kibuyu na kuniambia nisimwaibishe. Nilipasuliwa, nikalala wiki nyingi, kisha nikafundishwa kutembea upya. Aliyenitembeza ni Kirsten, binti wa dada yake Sista, rika langu, mwenye nywele kama nyuzi za katani na mdomo usiopumzika. Mwezi wa kwanza tulisemezana kwa mikono. Kufika wa tatu nilikuwa na maneno ya kutosha kugombana naye, na hapo ndipo tukawa marafiki kweli.

Jumamosi moja Sista alitutuma mkate. Tukakuta foleni imetoka dukani hadi barabarani. Nikamwonea huruma Kirsten: mtoto wa mji mkubwa namna ile, hajui foleni inakwendaje! Nikaokota jiwe kwenye ua, nikaliweka vizuri nyuma ya viatu vya mama mmoja mnene, nikamshika Kirsten mkono. "Twende. Nafasi yetu imekaa." Aliniangalia, akaliangalia jiwe. Baadaye aliniambia alidhani ni dawa ya kwetu, akaogopa kuuliza.

Basi tukatembea. Baiskeli zilipita kwa makundi kama ng'ombe wanaokwenda kunywa, hata akina mama wa makamo wamepanda, sketi zinapepea. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mimi nilianza kwa kupiga goti kwa kila mwenye mvi, shikamoo, shikamoo, mpaka Kirsten akasema kwa mwendo huo tutafika tukiwa na mvi sisi wenyewe. Akanipeleka kwa askari wa mfalme, wamesimama wima bila kupepesa, kofia zao za manyoya ndefu na nyeusi. Niliapa ni mizinga ya nyuki. Nikazunguka nyuma ya mmoja kutafuta tundu la nyuki kuingilia. Halikuwepo.

Kisha akanipeleka alikokuwa amepanga siku zote, bila kuniambia. Ni mnara wa zamani, mnene, na ndani yake hauna ngazi mpaka karibu na kilele. Ni njia pana ya matofali inayopanda ikizunguka, kama njia ya kupandisha punda mlimani. "Hapa mguu wako utaweza," akasema. Alitembea nyuma yangu njia nzima, mikono mbele, tayari kunidaka. Sikuanguka. Juu tulikuta upepo, mapaa mekundu ya nyumba, na bahari kwa mbali. Nikamwuliza Kiomboi iko wapi. Akafikiri sana, akanyoosha kidole. "Kule, nyuma ya lile bomba la moshi." Nililiangalia lile bomba la moshi mpaka machozi yakatoka, nikasingizia upepo.

Tuliporudi dukani, jiwe halikuwepo. Lilikuwa limefagiliwa. Nililia kwa Kinyiramba cha kwetu mbele ya watu wazima wa nchi nyingine: wezi, wameiba jiwe langu! Kirsten alicheka mpaka akakaa chini. Alipoelewa, akaacha kucheka. "Hapa jiwe halina zamu," akasema. "Wewe ndiye una zamu. Simama."

Tukasimama upya. Tulipofika mbele, mzee mrefu akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akaagiza mkate wake. Nikasogea pembeni, kama nilivyolelewa. Kirsten akanirudisha kwa kiwiko na kusema kwa sauti, "Ni zamu ya huyu." Nilitamani ardhi inimeze. Kumwambia mzee hivyo! Lakini yule mzee alitazama chini, akaniona, akavua kofia, akarudi nyuma na kuomba radhi. Kwa mshtuko nikapiga goti: "Shikamoo." Mkate ule, mweusi na mgumu kama tofali bichi, niliubeba mwenyewe mpaka nyumbani kwa mguu wangu uliopona, na sikumruhusu Kirsten aushike. Sista alitugombeza, mkate wa asubuhi umekuwa wa jioni. Sikusikia hata neno moja.

Niliporudi Kiomboi nikamsimulia bibi, alitikisa kichwa. "Nchi ambayo jiwe halina mwenyewe, wanalalaje usingizi?" Sisemi Ulaya ni peponi. Niliona baridi, na niliona vikongwe wakila peke yao. Lakini kwa bibi yangu jiwe lilikuwa mtu, na kwa Kirsten mtoto alikuwa mtu. Leo sisi tumekuwa na bomba la chuma, tumekuwa na shule ya kila mtoto, vijana wetu wana bugaluu za kufagia barabara nzima, na tumebaki kuheshimu debe. Debe la nani, ndilo swali la kwanza. Enzi zetu hakuna aliyeuliza jiwe ni la nani kabla ya kuliacha mahali pake.

Nimesoma mpaka kidato cha nne. Jioni ile ile nilikaa chini nikaandika, na kesho yake nikapeleka kwa mkono wangu:

*Kwa Mwenyekiti, Halmashauri ya Kijiji.*

*YAH: MTOTO ALIYETUMWA KUPEWA ZAMU YAKE BOMBANI*

*Ndugu Mwenyekiti,*

*Nalalamika rasmi kwamba binti yangu Naomi, wa darasa la kwanza, amekosa masomo siku tatu kwa sababu watu wazima humruka bombani, huku debe lisilo na mwenyewe likitunziwa nafasi. Mtoto aliyetumwa amesimama mahali pa mama yake. Anayemruka ananiruka mimi.*

*Naomba Halmashauri itamke mbele ya mkutano wa kijiji kwamba mtoto ana zamu kama mtu mzima, na msimamizi aisimamie. Mpaka itakapotamka, kila asubuhi nitasimama naye, na debe nitakalolikuta mahali pake nitaliondoa, hata likiwa lako.*

*Barua hii nimeiweka mezani kwa Katibu, na juu yake nimeweka jiwe. Jiwe ni la Naomi. Naomba asilisogeze mtu mpaka zamu yake ifike.*

*Wako katika ujenzi wa Ujamaa,*
*Mama Naomi.*